Jengo Halina Mama

Damian alimshusha baba yake garini taratibu, mguu mmoja kwanza, kisha wa pili, kama mtu anayeshusha mashine ambayo vipuri vyake havipatikani tena. Mzee Rutaihwa alikuwa amevaa koti la suti la kijivu lililompwaya mabegani. Alisimama, akaishika fimbo yake kwa mikono miwili, akaliinulia macho bomba la moshi la kiwanda mpaka kofia ikataka kumdondoka.

"Tata, twende kivulini," Damian alisema.

"Niache kwanza," mzee akajibu. "Niache nilione."

Nuriat aliwaona kutoka kwenye ngazi za lango kuu. Siku hiyo ya uzinduzi alikuwa mtu wa kila mtu. Bwana Kaijage, mkuu wa mradi, alimtaka jukwaani. Wapishi walimtaka jikoni. Mafundi wa vipaza sauti walimtaka nyuma ya ukumbi. Lakini alipomwona Damian ameinama kumfunga baba yake kamba ya kiatu, miguu ilimpeleka yenyewe.

"Shikamoo, mzee wangu. Karibu sana Bukoba."

"Marahaba." Mzee alimtazama kwa makini. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee, lakini hayakuwa macho ya mtu asiyeona. "Wewe ndiye Nuriat?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Mh." Akatikisa kichwa kidogo. "Walionisimulia wamekuchora vizuri."

Damian alicheka, akamtupia Nuriat jicho la haraka. Lilikuwa jicho lile lile lililomfanya asahau vipimo vya madirisha siku za kwanza. Leo kulikuwa na kitu kingine ndani yake, kama hofu. Nuriat alidhani ni hofu ya kumleta baba.

Kwa zaidi ya miaka ishirini kiwanda hiki cha kukoboa kahawa kilikuwa kimekaa kando ya ziwa kama maiti iliyokosa wa kuizika. Mabati yameoza, popo wamejaa, maganda ya kahawa yamerundikana mpaka yakaziba kijito kinachoingia ziwani. Wengi mjini walitaka kibomolewe, zijengwe fremu za maduka. Nuriat, msanifu majengo aliyezaliwa mitaa miwili tu kutoka hapo, ndiye aliyechora kwamba kuta zibaki. Ghala la magunia likawa ukumbi. Ofisi za zamani zikawa mgahawa, na kinamama kutoka Izimbya wakapewa meza za kuuzia kahawa wanayoikaanga wenyewe. Chumba cha mashine kikaachwa na mashine zake, watu waje waone mji huu uliishi kwa nini.

Kijito ndicho kilichomleta Damian. Alikuwa bwana misitu, kijana wa Kishanda kule Muleba, aliyepewa kazi ya kuyaondoa maganda na kurudisha mafunjo na miti ya asili. Wiki ya kwanza tu waligombana. Mti ulikuwa umeota ndani ya chumba cha tanuru na kutoboa paa. Nuriat alitaka ukatwe. Damian alisimama mbele ya mti ule, mikono kiunoni, akasema kama unakatwa basi waanze na yeye. Mafundi walicheka. Nuriat alikasirika mchana kutwa, na jioni akajikuta amechora upya paa lenye tundu katikati. Miaka miwili baadaye mti ulikuwa bado umesimama, na wao walikuwa wamezama katika penzi ambalo hakuna aliyejua kulichora.

"Mpeleke mzee akaone mashine," Damian alimnong'oneza. "Nakwenda kuegesha gari vizuri, nawafuata. Nuru, ana hamu ya kuongea na wewe."

"Kuongea nini?"

Alimgusa kiwiko, akaondoka.

*

Chumba cha mashine kilikuwa na ubaridi mzuri. Mwanga uliingia kwa madirisha ya juu na kuanguka juu ya vyuma vilivyosafishwa na kupakwa mafuta. Mzee Rutaihwa alitembea kati ya mashine akizigusa moja moja kwa kiganja. Alipofika kwenye ile ya dirishani alisimama.

"Hii ilikuwa yangu," mzee alisema. "Niliiendesha nikiwa kijana, nikaoa nikiiendesha, watoto wangu wawili nikawazaa nikiiendesha. Siku waliyofunga kiwanda niliiaga kama mtu."

Nuriat alimvutia kiti. Mzee akaketi, akamwonyesha naye aketi kwenye ukingo wa jukwaa la mashine.

"Unaona huu mguu? Mkanda ulikatika ukanipiga hapa. Aliyenibeba mgongoni mpaka hospitali ni mwenzangu mmoja, Najibu. Mwislamu wa hapa hapa mjini. Tulikula sahani moja mpaka alipofariki. Kwa hiyo usije ukadhani, mwanangu, kwamba mimi nina ugomvi na dini yenu."

Kwa miezi mingi Nuriat alikuwa ameyangoja maneno kama hayo. Nyumbani kwao mambo yalikuwa yameanza kulainika. Baba yake, Mzee Uledi, alikuwa amekataa, akanuna, akakataa tena, na mwisho akasema kama kijana anasilimu kwa moyo wake basi yeye hana neno. Damian alikuwa ameshakwenda kwa shehe mara kadhaa. Kilichobaki kilikuwa Kishanda.

"Nashukuru, mzee," alisema. "Hujui ninavyoshukuru."

"Ngoja kushukuru." Mzee aliiweka fimbo magotini. "Nimekutazama tangu nimefika. Wewe ni binti mwema. Una adabu, una akili, na jengo hili ulilolifanya limenipa furaha ambayo sikutegemea kuipata tena. Ningekuwa nachagua mke wa mwanangu kwa macho yangu haya, ningekuchukua wewe leo."

"Lakini?"

"Lakini nimekuja kukuomba umwache."

Nje mtu alikuwa akijaribu kipaza sauti. Moja, mbili, moja, mbili. Nuriat alisikia sauti hiyo kwa mbali sana.

"Damian amekuambia habari za Joackim?" mzee aliuliza.

"Kaka yake. Ndiyo. Aliyefariki mwaka jana."

"Joackim ndiye aliyekuwa mrithi wangu. Alipokufa, kibanja, lile shamba letu la ukoo, kikamwangukia Damian. Baba yangu amelala pale kwenye migomba, na mama yangu, na sasa mwanangu. Ukoo ulikaa baada ya matanga. Ndugu yangu Buberwa akasimama, akasema wamesikia Damian anataka kusilimu. Akasema mrithi asiyesali kwetu, ambaye ndoa yake haikufungwa kanisani, hatakaa kwenye makaburi ya wazee. Kibanja apewe mtoto wake yeye Buberwa. Na wote walikubali. Wote, mwanangu. Nilitafuta uso mmoja wa kunitetea nikaukosa."

"Si kuna sheria, mzee? Si mnaweza kwenda mahakamani?"

"Nani aende? Mimi?" Alijigusa kifua. "Huu moyo umechoka. Daktari ameniambia bila kunificha. Nikiondoka, mke wangu Immakulata atabaki na nani? Atashindana na mashemeji mahakamani, mwanamke wa umri ule, halafu arudi alale katikati yao? Buberwa hampendi tangu zamani. Mke wangu atatoka pale na kikapu kichwani. Alikuja kwangu akiwa msichana. Hana kwingine."

"Kwa nini hukumwambia Damian mwenyewe?"

"Nimemwambia. Anasema yeye amekwisha chagua." Mzee alimtazama, na machozi yakamtoka bila aibu, yakipita kwenye mikunjo ya mashavu. "Mimi hanisikii tena. Wewe atakusikia. Najua ninachokuomba. Sikiombi kwa ubaya, waitu, nakusihi. Ningekuwa na njia nyingine ningekuja hapa kucheka tu na kuitazama mashine yangu."

*

Alimkuta Damian kwenye daraja dogo la mbao, pale njia ya kutembelea inapokatisha mafunjo. Hotuba zilikuwa zimeanza ukumbini, huku nyuma hapakuwa na mtu. Ndege wadogo wa manjano walikuwa wakipigana juu ya viota vyao. Damian alimwona anakuja, na kabla hajafika alijua.

"Amekuambia," alisema.

"Kwa nini nimeyasikia kwa baba yako na siyo kwako?"

"Nilitaka kukuambia baada ya leo. Hii ni siku yako, Nuru. Sikutaka kuiharibu."

"Tangu matanga ya kaka yako, Damian! Mwaka karibu unaisha. Nimekaa na wewe, tumepanga, tumecheka, nimekwenda kumpigia baba yangu magoti. Kumbe kila siku unajua kwamba siku ya ndoa yetu ndiyo siku ya kumfukuza mama yako."

"Hakuna atakayemfukuza. Nitamchukua. Nitampangia nyumba hapa mjini, ataishi na sisi."

"Umemuuliza?"

Damian alitazama maji.

"Umemuuliza, Damian?"

"Nilimuuliza." Sauti yake ilishuka. "Alisema kaburi la Joackim halina hata mwaka, atamwacha na nani."

Nuriat alishika ukingo wa daraja. Mbao zilikuwa bado zinanukia upya.

"Tufunge bomani," Damian alisema kwa haraka, akimsogelea. "Tukafunge kwa mkuu wa wilaya. Kila mtu abaki na dini yake."

"Ukoo unataka kanisa. Baba yako amesema. Na baba yangu bomani haingii, unamjua. Nitakuwa nimeikosa nyumba yetu, na wewe umeikosa yenu, na mama yako bado yuko barabarani."

"Basi..." Alisita. Neno lilimkaa mdomoni, akashindwa kulitoa. Nuriat alilitoa kwa niaba yake.

"Basi mimi nibatizwe."

"Sijasema hivyo."

"Umefikiri. Hata mimi nimefikiri, nikitoka kule kwa baba yako mpaka hapa. Nimejaribu kujiona nimevaa shela, nimesimama kanisani Kishanda, mama yako anafurahi. Nikafika kwenye uso wa baba yangu. Ananiangalia kutoka nje, mlangoni, haingii. Siwezi, Damian. Naomba usiniulize kwa sababu ukiniuliza naweza kusema ndiyo, na nitakuchukia kwa hilo maisha yangu yote."

"Sikuulizi."

"Asante."

"Twende Mwanza." Alimshika mikono yote miwili. Viganja vyake vilikuwa vikavu, vya mtu wa kushika jembe na miche. "Leo. Kazi tutapata. Tukae huko mpaka wazoee. Watu huzoea, Nuru. Mtoto akizaliwa watakuja wenyewe."

"Baba yako hana muda wa kuzoea."

Damian aliiachia mikono yake kana kwamba imemwunguza. Aligeuka akatazama kiwanda. Kuta nyekundu za matofali zilikuwa zimeoshwa, bomba la moshi limesimama wima, na kwenye paa la chumba cha tanuru matawi ya ule mti yametokeza juu, yanachezacheza kwa upepo wa ziwani. Ukumbini watu walipiga makofi.

"Lile jengo," alisema taratibu, "kila mtu mjini alisema libomolewe. Wewe ukakataa. Ulikaa na wazee wasiotaka, na vijana wasiotaka, na mafundi waliokucheka. Miaka miwili uliyatafutia yale matofali njia ya kuishi na mambo mapya. Mbona mimi unanibomoa kwa dakika kumi?"

Nuriat alitaka kumpiga. Alitaka kumkumbatia. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Jengo halina mama, Damian," alisema. "Ningekosea mchoro, ningefuta nikachora tena. Mama yako nitamfuta vipi?"

Damian alikaa chini kwenye daraja, miguu ikining'inia juu ya maji, akafunika uso kwa mikono, akalia. Nuriat hakuwahi kumwona akilia, hata alipofiwa na kaka yake. Alipiga magoti nyuma yake, akaegemeza paji la uso kwenye mgongo wake, na wakakaa hivyo, wakipumua pamoja. Shati lake lilikuwa na joto la jua. Nuriat aliivuta harufu yake, ile ya udongo na sabuni ya mche, akijua ni mara ya mwisho, na kujua huko kulimwumiza kuliko maneno yote.

"Wamekutafutia mtu?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nuru, usiulize."

"Nataka kujua. Nisisikie kwa watu."

"Annastella. Mwalimu wa shule ya kule kwetu. Mama ndiye anayempenda. Nimeongea naye mara moja tu."

"Ni mwema?"

"Ni mwema," Damian alisema, kama anakiri kosa.

"Basi usije ukamtesa kwa ajili yangu. Yeye hajafanya kitu."

"Nitampa nini mimi? Niambie. Nitamkalisha wapi, wakati humu ndani umejaa wewe?"

"Sijui." Hakika hakujua, na hakutaka kufikiri. "Nenda kamchukue baba yako. Jua ni kali, na safari ya Kishanda ni ndefu. Amechoka."

Damian alisimama. Alimtazama kwa muda mrefu. Alianza kwenye paji la uso wake, akashuka kwenye macho, akashuka mdomoni, kama mtu anayejifunza njia atakayoipita gizani. Hakumbusu. Aliondoka akipita kwenye mafunjo aliyoyapanda mwenyewe, hatua zake zikigonga mbao, kisha kokoto, kisha hazikusikika tena.

Nuriat alipopata nguvu ya kurudi, gari lilikuwa linatoka getini. Mzee Rutaihwa alikuwa kiti cha mbele, kofia magotini. Alimwona. Hakumpungia mkono, wala hakutabasamu. Aliinamisha kichwa, akakibakiza hivyo mpaka gari likaishika barabara ya Kemondo na kupotea.

"Nuriat!" Bwana Kaijage alikuja mbio, jasho linamtiririka, anang'aa kwa furaha. "Ulikuwa wapi? Wageni wanakusifu wewe tu! Wanasema hawajaona mji ulioheshimu mambo yake ya kale namna hii. Njoo, njoo wakuone."

Alikwenda. Alisimama, akapewa mkono na watu asiowakumbuka, akaeleza habari za paa na matofali na ndege waliorudi. Alitabasamu kila alipotakiwa. Mama mmoja wa Izimbya alimpa kikombe cha kahawa, akanywa chote bila kujua kama ina sukari.

*

Baada ya swala ya alasiri Mzee Uledi alikuja kumchukua. Alikuwa fundi cherehani tangu ujana wake, mwenye duka dogo karibu na soko, na utepe wa kupimia ulikuwa bado umemzunguka shingoni kwa sababu alisahau kuuvua. Alifungua mlango wa gari lake la zamani, akamwona binti yake usoni, akaufunga tena bila kuwasha injini.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, baba. Nimechoka na shughuli."

"Nuriat."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kama mtoto aliyepotezwa sokoni, kwa sauti, kamasi na machozi pamoja. Baba yake hakumkatiza. Watu walipita na picha zao na watoto wao na vikombe vyao vya karatasi. Alipotulia kidogo alimweleza yote: Joackim, kibanja, makaburi, Buberwa, mama mwenye kikapu.

Mzee Uledi alisikiliza akitazama usukani.

"Amekwenda?"

"Amekwenda."

"Hatarudi?"

"Hatarudi. Mimi ndiye niliyemwambia aende."

Alitikisa kichwa taratibu. Nuriat alingoja aseme alhamdulillah. Alingoja aseme kwamba alijua tangu mwanzo, kwamba wazazi huona mbali. Kama angesema hivyo angepata wa kumkasirikia, na hasira ingemsaidia kufika nyumbani.

"Nilikuwa nimemshonea kanzu," baba yake alisema.

Nuriat aligeuka.

"Ya siku ya kutamka shahada. Sikutaka mjue, wala mama yako sikumwambia. Kitambaa kizuri, cheupe, nilikificha juu ya kabati. Sikumpima. Alipokuja nyumbani siku ile ya Idi nilimtazama tu mabega, nikayaweka kichwani." Alijaribu kutabasamu, mdomo ukakataa. "Nilipoanza kushona nilikuwa bado na kinyongo. Nilipofika kwenye kola nikaona kinyongo kimekwisha. Nikasema, huyu ni mwanangu."

"Baba..."

"Nimeimaliza juzi."

Upepo wa ziwani ulileta sauti za muziki kutoka ukumbini. Watu walikuwa wameanza kucheza. Nuriat alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, yakajaa tena.

"Mpe mtu mwingine," alisema. "Kuna vijana wengi msikitini."

Mzee Uledi aliwasha gari. Aliangalia nyuma, akaangalia mbele, akashika gia, lakini hakuliondoa.

"Yule ni mrefu sana," alisema. "Haitamwenea mtu."